Mwaka wa Kwanza wa Uzamivu na Swali la Malale: Kibondo na Kasulu

Shahada ya uzamivu, iliyo ya juu kabisa miongoni mwa shahada za chuo kikuu, kwa desturi humtaka mwanafunzi ajifunge kwenye swali moja, mara nyingi dogo sana, na kulichimba kwa miaka mitatu, minne au zaidi mpaka apate jambo ambalo kabla yake halikuwa likijulikana. Katika sayansi za bayotiba, yaani zile zinazochunguza afya na maradhi kuanzia ndani ya seli, kwenye vinasaba, protini na vimelea, desturi hiyo imelegezwa mahali pengi katika hatua yake ya mwanzo: mwanafunzi hupokelewa chuoni bila kukabidhiwa swali, wala idara, wala msimamizi, na mwaka wake wa kwanza huutumia kupita katika fani kadhaa kabla ya kuchagua ile atakayobobea. Mpango wa namna hiyo huitwa mtambuka, kwa kuwa huvuka mipaka ya idara, na wanaousikia kwa mara ya kwanza huuliza swali la haki kabisa, kwamba mtu aliyekwisha kuhitimu shahada ya kwanza na ya umahiri ana haja gani ya kurudishwa darasani pamoja na watu wa fani nyingine. Jibu lake ni gumu kulipata katika vitabu vya kanuni za vyuo. Linaonekana vizuri zaidi katika wilaya za Kibondo na Kasulu, kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, ambako ugonjwa wa malale umekuwa ukizishinda kwa zamu fani zilizojaribu kuukabili kila moja kivyake.

Mpango wenyewe ulipata umbo lake linalofahamika zaidi katika vyuo vikuu vya Marekani. Mwanafunzi huingia kwa mlango mmoja wa pamoja, hata kama baadaye atakuwa mtaalamu wa kingamwili, wa virusi, wa ubongo au wa saratani, na katika muhula wa kwanza husoma masomo ya msingi yaliyo sawa kwa wote: biokemia, ambayo ni kemia ya viumbe hai, elimu ya seli, jenetikia, ambayo ni elimu ya urithi, pamoja na takwimu na maadili ya utafiti. Sambamba na masomo hayo huwapo mzunguko wa maabara, ambao ndio moyo wa mwaka huo: mwanafunzi hukaa katika maabara moja kwa wiki kadhaa, mara nyingi kati ya sita na kumi, akipewa kazi ndogo lakini ya kweli, kisha huhamia maabara ya pili na ya tatu, na kila anapohama yeye amewapima wenyeji wake na wenyeji nao wamempima. Kila wiki hukutana na wenzake kuchambua makala moja ya kisayansi iliyokwisha kuchapishwa, kwa nia ya kutafuta mahali ambapo hoja yake inalegalega. Mwaka unapokaribia mwisho ndipo huchagua maabara na msimamizi, na baadaye hukabiliwa na mtihani wa kufuzu, ambao asipoupita hawezi kuendelea na tasnifu. Uingereza, ambako mwanafunzi alizoea kuingia moja kwa moja chini ya msimamizi mmoja, taasisi ya Wellcome Trust ilianza mwaka 1994 kugharimia programu za miaka minne ambazo mwaka wake wa kwanza ni wa mafunzo na mizunguko. Vyuo vya Afrika Mashariki vilirithi mfumo ule wa zamani wa Kiingereza, na kwa sehemu kubwa bado vinaufuata, hivyo kwamba mwombaji wa uzamivu huombwa kichwa cha utafiti na jina la msimamizi kabla hata ya kupewa namba ya usajili.

Malale husababishwa na kimelea chenye seli moja kiitwacho tripanosoma, kinachoenezwa na mbung'o, yule inzi mnyonya damu ambaye wengi humwita ndorobo. Aina inayopatikana Tanzania, ambayo jina lake la kisayansi ni Trypanosoma brucei rhodesiense, ni kali kuliko ile ya Afrika Magharibi na Kati: badala ya kumtesa mgonjwa kwa miaka, huweza kumuua ndani ya miezi michache asipotibiwa. Huanza kwa homa, maumivu ya kichwa na ya viungo, dalili ambazo katika nchi za joto zinafanana na za magonjwa mengine mengi, kisha kimelea huvuka kutoka kwenye damu na kuingia katika ubongo, ndipo usingizi unapovurugika, fahamu zinapopotea na jina la ugonjwa linapoeleweka. Kibondo na Kasulu zimejulikana kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa maeneo ya malale nchini, kwa sababu misitu ya miombo inayoteremka kuelekea Mto Malagarasi na Pori la Akiba la Moyowosi ni makazi ya mbung'o na pia ya wanyamapori wanaobeba kimelea hicho bila wao kuugua. Wanaoumwa zaidi ni wale ambao riziki yao iko porini, yaani warina asali, wawindaji, wavuvi wa mabwawa, wakata mbao na wachungaji. Ikumbukwe kwamba ugonjwa huu sasa ni wa nadra: katika miaka ya karibuni wagonjwa wa aina hii wanaoripotiwa duniani kote hawafiki 200 kwa mwaka. Uchache huo, kama itakavyoonekana, haurahisishi kazi ya mtafiti hata kidogo.

Kwa mtu wa maabara ya hospitali, ushahidi wa malale ni kimelea chenyewe kionekanacho kwa hadubini, kikijipinda kati ya chembe za damu au katika maji yaliyovutwa kutoka uti wa mgongo. Ushahidi huo unamtosha daktari, kwa kuwa mgonjwa yuko kitandani na dawa inasubiri. Haumtoshi hata kidogo daktari wa mifugo anayetaka kujua kama ng'ombe wa kijiji fulani ni hatari kwa watu, kwa maana ziko tripanosoma tatu za ukoo mmoja ambazo kwa hadubini hazitofautiki, mojawapo ikiwa haiwezi kumwambukiza mwanadamu kabisa, na damu ya ng'ombe inaweza kuwa na hiyo isiyo na madhara kwa watu au ile inayoua. Swali la namna ya kuzitenganisha liliwasumbua watafiti kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Katika maabara ya Tinde, karibu na Shinyanga, kuanzia mwaka 1934 watafiti wa serikali ya kikoloni walikihamisha kimelea kimoja kutoka mnyama hadi mbung'o na kutoka mbung'o hadi mnyama kwa zaidi ya miaka 20, na kila baada ya muda wakawaambukiza watu walioitwa wa kujitolea, ili waone kama kimelea kilichokaa muda mrefu ndani ya kondoo na swala kimesahau kumdhuru mwanadamu. Hakikusahau. Jaribio hilo leo lisingepita katika kamati yoyote ya maadili, na wanafunzi wa uzamivu wangefaa kulisoma kwa sababu hiyo pia, mbali na matokeo yake.

Ufumbuzi ulikuja kutoka upande ambao mtu wa hadubini wala daktari wa mifugo asingeutazamia. Wataalamu wa molekuli waligundua kwamba damu ya mwanadamu ina protini, iitwayo APOL1, inayotoboa utando wa tripanosoma na kuiua, na kwamba kimelea cha malale ya Afrika Mashariki kina jeni moja, SRA, inayotengeneza kinga dhidi ya protini hiyo. Kazi ya jeni hiyo ilithibitishwa mwaka 1998 na watafiti wa Ubelgiji, na nafasi ya APOL1 ikabainishwa mwaka 2003. Tangu hapo tone la damu ya ng'ombe linaweza kuulizwa swali moja la wazi, kama jeni hiyo imo au haimo. Hata hivyo jibu hilo nalo halimtoshi mtaalamu wa wadudu, ambaye atataka kujua ni mbung'o wangapi wa eneo hilo hunyonya damu ya ng'ombe na wangapi hunyonya ya ngiri au ya nyati, wala halimtoshi mtaalamu wa takwimu, ambaye ataona kwamba sampuli zilichukuliwa kwenye majosho yaliyo karibu na barabara, na kwamba mifugo ya ndani zaidi, kule karibu na pori, haikuguswa.

Hapo ndipo lilipo fundisho kubwa la mwaka mtambuka, na ambalo maelezo rasmi ya vyuo, yanayopenda kuzungumzia upana wa maarifa, hulipita haraka mno. Upana wa maarifa unaweza kupatikana kwa kusoma vitabu. Kisichopatikana vitabuni kwa urahisi ni kujua kila fani huridhika na nini, yaani ni kiasi gani cha ushahidi kinachotosha kuwafanya watu wake waache kuuliza, na ni shaka gani watakayoitoa hata pale wengine wote wanapoona kwamba jambo limekwisha. Mwanafunzi aliyekaa wiki nane na wataalamu wa wadudu, akabeba mitego ya nguo za buluu na nyeusi inayowavuta mbung'o na akahesabu walionaswa, hawi mtaalamu wa wadudu. Ila atakapokuwa mtaalamu wa vinasaba atajua mapema ni wapi hoja yake itapigwa na watu hao, na ataipanga kazi yake kwa kulijua hilo.

Mfano wa karibu zaidi na maisha ya kila siku ya Kibondo na Kasulu ni wa malaria. Katika utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017, Kigoma iliongoza mikoa yote ya Tanzania Bara, ikiwa na maambukizi kwa karibu asilimia 24 ya watoto wadogo waliopimwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa kama asilimia 7. Kwa mkoa wa namna hiyo kuenea kwa kipimo cha haraka, ambacho wahudumu wa afya hukiita mRDT, kulikuwa neema isiyo na shaka: zahanati isiyo na umeme wala hadubini iliweza kutoa jibu kwa dakika chache kwa tone moja la damu, na dawa zikaacha kugawiwa kwa kukisia. Lakini hadubini ilikuwa na faida moja ambayo hakuna aliyeiweka katika hesabu. Mtu anayetazama slaidi ya damu akitafuta malaria anaweza kuiona tripanosoma bila kuitafuta, na wagonjwa wa malale katika maeneo yenye malaria nyingi wamekuwa wakigunduliwa kwa bahati ya namna hiyo. Kipimo cha haraka huona kile tu kilichotengenezwa kukiona. Kwa malale ya Afrika Magharibi na Kati viko vipimo vya haraka vya kingamwili. Kwa aina ya Afrika Mashariki havijapatikana, hivyo mrina asali mwenye homa ambaye mRDT yake haina malaria anaweza kurudi nyumbani na dawa ya maumivu, na yule ambaye ana malaria na malale kwa pamoja anaweza kutibiwa nusu ya ugonjwa wake. Wataalamu wa malaria hawakukosea katika fani yao, wala wale wa malale. Pengo liliingia katikati yao, mahali ambapo hakuna idara yenye wajibu wa kutazama, na kwa kuwa wagonjwa ni wachache mno, takwimu za mwezi za wilaya haziwezi kulionyesha.

Historia ya nyanda hizi inaonyesha gharama kubwa zaidi ya pengo la aina hiyo. Baada ya malale kutambuliwa Maswa mwaka 1922 na kuonekana katika maeneo mengine ya Tanganyika, serikali ya Kiingereza, ikifuata mpango ulioongozwa na daktari George Maclean, iliamua kuwakusanya watu waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika na kuwaweka katika makazi makubwa yaliyofyekwa msitu, kwa hoja kwamba mahali penye watu wengi na mashamba mapana mbung'o hukosa kivuli na hutoweka. Huko Buha, nchi ya Waha, ambayo ndiyo Kibondo na Kasulu za leo pamoja na wilaya za Kakonko na Buhigwe zilizomegwa kutoka kwao mwaka 2012, uhamishaji huo ulianza mwaka 1933. Kama hoja ya tiba, ilikuwa na msingi: ndani ya makazi yenyewe watu walikutana na mbung'o mara chache zaidi. Mtaalamu wa mimea na mazingira angeuliza swali lililokosekana, kuhusu yatakayotokea kwenye ardhi iliyoachwa, kwa maana shamba lisilolimwa hurudi kuwa kichaka, kichaka huleta wanyamapori, na wanyamapori huleta mbung'o.

Swali hilo liliulizwa kwa uzito baadaye na John Ford, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi miaka mingi katika vita dhidi ya mbung'o Afrika, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu nafasi ya magonjwa ya tripanosoma katika ikolojia ya Afrika alidai kwamba wakulima na wafugaji wa kale walikuwa wamejenga mizani fulani na pori kwa kulima, kuchoma moto na kuchunga, na kwamba mizani hiyo ilivunjika pale sotoka ilipoangamiza ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890 na ukoloni ukafuata mara baada yake. Helge Kjekshus akaiendeleza hoja hiyo kwa Tanganyika katika kitabu cha mwaka 1977. Wanahistoria wengine wamesema kwamba picha hiyo ya mizani ya kale imepakwa rangi nzuri kupita kiasi, na pengine wako sahihi, ila hoja ya msingi, kwamba ugonjwa ulifuata njia iliyochorwa na matumizi ya ardhi, imesimama. Waha wenyewe walihamishwa tena katika Operesheni Kigoma ya vijiji vya ujamaa iliyoanza mwaka 1972, kiasi kwamba mtu mmoja aliweza kuona kaya yake ikiamriwa kubomoa nyumba mara mbili ndani ya miaka 40. Ni jambo la kutajwa kwamba utafiti wa kina juu ya uhamishaji huo wa Buha, kuanzia 1933 hadi 1975, ni tasnifu ya uzamivu ya historia, iliyoandikwa na Julie Weiskopf katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwanafunzi wa tripanosoma anayekwenda Kasulu bila kusoma kazi ya namna hiyo atashangaa kwa nini swali lake jepesi, kwamba familia hii imeishi hapa tangu lini, linajibiwa kwa kimya au kwa hadithi ndefu.

Mkoa huohuo una mfano wa upande wa pili, wa fani zilizokutana zikafaulu. Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960 na kupata uzamivu wa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1966 bila kuwa na shahada ya kwanza, alianzisha desturi ya kumfuatilia kila sokwe kwa jina lake, mama yake na watoto wake, kazi ambayo wengi waliiona kuwa ya mapenzi ya wanyama kuliko ya sayansi. Miongo minne baadaye wataalamu wa virusi walihitaji kujua kama virusi vya SIV, ambavyo ndivyo asili ya virusi vya UKIMWI, huwadhuru sokwe wanaovibeba porini, na wakati huo ilidhaniwa kwamba haviwadhuru. Maabara peke yake isingeweza kujibu, kwa sababu kinyesi cha sokwe asiyejulikana hakielezi alizaliwa lini wala alikufaje. Kwa kuunganisha sampuli za kinyesi na kumbukumbu za Gombe, wataalamu hao walionyesha mwaka 2009 kwamba sokwe walioambukizwa walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri wao. Daftari la mtazamaji wa porini lilikuwa na thamani sawa na mashine ya kusoma vinasaba.

Afrika Mashariki haijakaa kimya katika kuandaa watafiti wa aina hiyo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ni makao ya SACIDS, ushirika wa vyuo na taasisi za Tanzania, Zambia, Msumbiji, Kongo na Afrika Kusini ulioanza mwaka 2008, ambao huwafundisha pamoja madaktari wa watu na wa mifugo katika msimamo wa Afya Moja, yaani kwamba afya ya binadamu, ya wanyama na ya mazingira ni jambo moja. Serikali nayo imeweka dawati la Afya Moja katika Ofisi ya Waziri Mkuu. CARTA, mpango wa vyuo kadhaa vya Afrika unaoratibiwa kutoka Nairobi na Johannesburg tangu 2008, huwakusanya wanafunzi wa uzamivu wa afya kutoka fani na nchi tofauti katika semina za pamoja, ya kwanza ikiwa mwanzoni kabisa mwa masomo, ambapo daktari, mwanademografia na mwanasosholojia hulazimika kuelezana mapendekezo yao kwa lugha ambayo kila mmoja anaielewa. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011, ilijengwa tangu mwanzo kwa ajili ya masomo ya baada ya shahada ya kwanza, na ndani yake sayansi za uhai zimewekwa pamoja na uhandisi wa kibayolojia. Hakuna kati ya hayo kilicho nakala kamili ya mwaka wa mizunguko wa Marekani, na haifai kulalamikia hilo, kwa kuwa mwaka ule ulibuniwa kwa chuo chenye maabara 50 chini ya paa moja, hali ambayo haipo Kigoma wala katika sehemu kubwa ya dunia.

Kinachowezekana katika nyanda za juu za Kigoma ni mzunguko wa aina nyingine, ambao maabara zake ni ofisi na vituo vilivyokwisha kuwapo. Mwanafunzi angeweza kuanza katika maabara ya Hospitali ya Wilaya ya Kibondo au ya Hospitali ya Kabanga, Kasulu, akisoma slaidi pamoja na wataalamu wa hapo na kuona kwa macho yake ni maswali gani huachwa kwa sababu foleni ni ndefu. Angehamia kwa afisa mifugo wa wilaya, ambaye anajua ni wafugaji gani wameingia na makundi yao kutoka kaskazini na ni dawa gani za nagana, yaani ugonjwa wa tripanosoma wa mifugo, wanazochoma wenyewe bila kipimo. Angekaa na askari wa wanyamapori wa Moyowosi, wanaoumwa na mbung'o kila siku ya kazi. Angefika katika zahanati za kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambazo zimefundisha mengi kuhusu maradhi yanayofuata msongamano: mwezi Mei 2015, Warundi waliokimbilia kijiji cha Kagunga kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika walipatwa na kipindupindu, na kabla mwezi haujaisha Umoja wa Mataifa ulikuwa umehesabu wagonjwa 3,000 na vifo 31, wakati wenzao wakiendelea kusafirishwa kuelekea Nyarugusu. Sehemu ya vinasaba na takwimu angeimalizia Morogoro, Mwanza au Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinajenga kampasi Kigoma kwa fedha za mradi wa HEET, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 425 mwaka 2021 kwa ajili ya vyuo vikuu vya Tanzania, na kampasi hiyo ikipewa maabara za utafiti pamoja na madarasa, masafa yatapungua sana.

Pingamizi dhidi ya mwaka wa namna hii ni za kweli, na baadhi yake hazina jibu zuri. Ufadhili mwingi wa uzamivu ni wa miaka mitatu au minne, hivyo mwaka unaotumika bila kuzalisha data yoyote ya tasnifu ni mwaka unaokatwa mwishoni, pale ambapo mwanafunzi anahitaji muda wa kuandika. Msimamizi hupandishwa cheo kwa makala zilizochapishwa na kwa wanafunzi waliohitimu chini ya jina lake, naye haoni faida ya kumkopesha mwanafunzi kwa idara nyingine. Vibali navyo huongezeka: utafiti unaogusa watu, mifugo na wanyamapori kwa pamoja huhitaji ridhaa ya kamati ya maadili ya afya, inayosimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na ruhusa za mamlaka za mifugo na za wanyamapori, kila moja kwa fomu zake na kwa kalenda yake. Liko pia tatizo la ajira, kwa maana nafasi za kazi katika utumishi wa umma hutangazwa kwa fani, na mtu ambaye cheti chake hakimtaji waziwazi kuwa mtaalamu wa vimelea au wa takwimu za afya hupata shida ya kuingia katika kisanduku chochote. Pingamizi inayosikika zaidi, kwamba mwanafunzi wa fani nyingi hajui hata moja, ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa kuwa mwaka mmoja kati ya minne hauondoi miaka mitatu ya kubobea.

Kwa malale, maswali yanayomsubiri mwanafunzi wa namna hiyo yamebadilika hivi karibuni. Kwa miongo mingi mgonjwa ambaye kimelea kimemfika kwenye ubongo alitibiwa kwa melarsoprol, dawa yenye asili ya aseniki, sumu ambayo iliweza kumuua takriban mgonjwa 1 kati ya 20 waliopewa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika mwongozo wake vidonge vya fexinidazole kwa ajili ya malale ya Afrika Mashariki, baada ya majaribio yaliyofanyika Malawi na Uganda. Kwa kuwa tiba sasa humezwa kwa mdomo, ugumu umehamia kwenye kumpata mgonjwa kwa wakati, katika wilaya ambayo inaweza kupita miaka bila kumwona hata mmoja, na ambayo wataalamu wa maabara walioizoea tripanosoma kwa macho wanastaafu.

Pendekezo la utafiti juu ya jambo hilo, likitetewa mwishoni mwa mwaka wa kwanza, hukutana na jopo la maprofesa, na kanuni kwa kawaida humtaka kila mtahini awe na uzamivu. Mkuu wa maabara ya hospitali ya wilaya, anayejua ni slaidi ngapi husomwa kwa siku na ni nani huzisoma umeme unapokatika, mara nyingi hana cheti hicho, ingawa hakuna kanuni inayokizuia chuo kumwalika kama mshauri na kumpa nafasi ya kuuliza. La kwanza atakalouliza linaweza kukisiwa: mafunzo ya kuitambua tripanosoma yatatolewa kwa nani, na kwa bajeti ya idara ipi, utafiti utakapokuwa umefungwa.